Salamu Kabla ya Shida

Mwalimu hakuweza kusema shida yake kabla salamu hazijakwisha, na salamu zake hazikuwa za kwisha upesi. Ukishampa shikamoo yake anaanza na wewe, anakwenda kwa mama yako, anashuka kwa wadogo zako, anauliza mvua ya upande wenu, kisha anauliza ng'ombe, ingawa alijua fika kwamba sisi pale Nyakato tulikuwa wapangaji na hatukuwa na pa kufuga hata bata. Ukijaribu kumkatisha anakutazama kama umetema mate sebuleni kwake. Baada ya hayo yote ndipo anasema, "Sasa, mwanangu, nina jambo dogo." Hilo jambo dogo linaweza kuwa nyumba yake inaungua.

Naanza na hilo kwa sababu watu wengine humkumbuka kwa ukali, na kwa lile koti la kahawia alilolivaa hata jua likiwa la kupasua mawe. Wapo pia wanaomkumbuka kwa kushindwa kwake, na hao huwa wanacheka kidogo wakimtaja. Mimi namkumbuka kwa salamu.

Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Alipostaafu alipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, akaingiza kompyuta kuukuu chache, akatundika ubao: anachapa, anatoa kopi, anafundisha kompyuta. Unga ulipenya dirishani ukatua kwenye vibonye, hata ukimaliza somo vidole vimekuwa vyeupe kama umetoka kukanda maandazi. Nilikwenda pale baada ya kumaliza kidato cha nne, kwa sababu mama aliona heri nikae mbele ya kompyuta kuliko kukaa kibarazani na wasichana wenzangu. Nikakaa na Mwalimu muda mrefu kuliko nilivyokaa na shule yoyote.

Alikozaliwa na aliyemzaa sikuwahi kuuliza. Nilichokijua, na kila aliyeingia chumba kile alikijua kabla hajapewa kiti, ni habari ya wajukuu zake.

Walikuwa pacha, watoto wa binti yake aliyeishi naye. Huku kwetu pacha hawasumbui watu kutafuta majina: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, awe wa kike awe wa kiume. Hawa walikuwa wa kike wote wawili. Doto alizaliwa na siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, Kulwa alisalimika. Zahanati waliyokuwa wakitibiwa ilikuwa imeacha mafaili ya karatasi na kuingia kwenye kompyuta, na programu waliyoletewa ilikuwa na akili moja ya ziada: iliwatafuta watu walioandikishwa mara mbili, ikayaunganisha mafaili yao. Aliyeitunga aliona mbali, simnyimi haki yake. Alijua kwamba jina moja huandikwa Malale leo na Marare kesho, kwa hiyo akaiambia programu isijali sana jina. Itazame tarehe ya kuzaliwa, jinsia, jina la mama, mtaa na namba ya simu. Hivyo vikilingana, huyo ni mtu mmoja. Pacha hakuwafikiria.

Basi Kulwa na Doto wakawa mtu mmoja. Dada wa mapokezi akiwatenganisha leo, kesho asubuhi anawakuta wameunganishwa tena, maana programu ilikuwa inapita kila siku na ufagio wake. Kulwa akipelekwa na kikohozi, daktari anasoma siko seli na kumwandikia vidonge vya mwenzake. Doto akipelekwa analia mifupa, kompyuta inasema dawa zake alishachukua juzi. Binti wa Mwalimu akawa kila safari anaanza kueleza upya, na kila safari anaeleza kwa mtu mgeni.

Mwalimu alipokwenda kulalamika aliambiwa mfumo ndivyo ulivyo. Kijana aliyeufunga alishahamia Dodoma. Lakini katika kuulizauliza akagundua jambo ambalo lilimrudisha darasani anatembea kama bwana harusi: programu ile ilikuwa huria. Imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na maandishi yake yote yamewekwa wazi kwenye intaneti na wenyewe, watu wa nchi za mbali. Yeyote anaweza kuyachukua, akayafungua kwenye mashine yake, akarekebisha kosa, akawarudishia. Wakikubali, rekebisho linakwenda kwa kila zahanati inayoitumia, na ya kwetu ikiwemo.

"Ni mstari mmoja, mwanangu," aliniambia siku hiyo, ameshika chaki hajui aiweke wapi. "Mstari mmoja unaouliza: hawa si pacha? Basi."

Kwa mtu mwenye mashine nzuri na intaneti isiyokatika, kuiweka programu kama ile kwenye kompyuta yake hadi ijengeke na kuwaka ni kazi ya asubuhi moja. Mwalimu aliifanya mpaka darasa likafungwa.

Alikuwa na msemo wake kuhusu makosa. Ukiiamuru kompyuta ijenge programu nayo ikikataa, inamwaga maandishi mekundu, kurasa kwa kurasa, na mtu mgeni hukimbilia mwisho. Mwalimu alikuwa anapiga meza kwa rula. "Soma la kwanza! Hayo mengine ni watoto wake." Kisha tunalisoma lile kosa la kwanza kwa sauti, darasa zima, kama watoto wa katekisimu, kwa Kiingereza ambacho nusu yetu hatukukielewa. Wanawake waliokuja kusaga mahindi upande wa pili walidhani ni darasa la lugha. Mmoja aliwahi kuja kuuliza kama anapokea na watu wazima.

Alikuwa na maneno yake ya kazi. Programu ya namna ile haisimami peke yake. Inahitaji vipande vingi vilivyoandikwa na watu wengine, na kila kipande nacho kina vipande vyake. Vitabuni vinaitwa maktaba. Mwalimu aliviita ukoo. "Umeoa mmoja, sasa pokea ukoo," alisema, akitazama orodha inavyoshuka kwenye kioo na bando letu linavyoshuka nayo. Kwa kawaida intaneti ilikatika ukoo ukiwa nusu mlangoni, na kinachoshushwa nusu ni kibaya kuliko kisichoshushwa, kwa sababu kompyuta inadhani kimefika.

Hapo ndipo alipoleta mambo ya kwao Magu. Kule watu hulima kwa kikundi: leo shamba lako, kesho langu, na mwenye shamba anapika. Akatugawia ukoo. Kila mwanafunzi akapewa vipande vyake avishushe kwa simu yake, kwa bando lake, popote atakapopata mtandao mzuri, avilete kwenye flashi. Siku ya kukusanya alitupikia mwenyewe michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akatukalisha kwa mistari, na tukaingiza flashi moja baada ya nyingine huku mmoja wetu akitania kwamba tunakosa ngoma tu. Nilipenda siku ile. Sote tuliamini ingewaka, hata mimi ambaye kuamini si kazi yangu.

Haikuwaka. Shamba ukilima wewe au nikilima mimi linabaki shamba lile lile, lakini vipande vya programu vina matoleo. Kila mtu alikuwa ameleta kipande alichokiona ni kipya zaidi, kwa moyo mwema kabisa, kama unavyomchagulia mgeni nyanya nzuri. Vipya vikakataana na vya zamani, na vya zamani vikakataana na Java tuliyokuwa nayo. Maandishi mekundu yakaja. Mwalimu akatusomesha la kwanza. Tukalisoma tukiwa na michembe mdomoni.

Kisha kuna ile habari ya saa. Kwa muda mrefu kompyuta yake ilikataa kabisa kuongea na tovuti ya kushushia vipande, ikisema haiiamini. Mwalimu alibadilisha laini ya simu, akabadilisha waya, akampigia kijana wa Dodoma ambaye hakupokea. Mimi ndiye niliyekuja kutazama kona ya kioo nikaona tarehe. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika, yaani kila uchao, mashine ilirudi nyuma kwenye mwaka iliotengenezwa. Vyeti vya usalama vya tovuti vilionekana kwake kama vya siku zisizofika bado, ikavikataa. Nilipomwonyesha aliinama akautazama mwaka ule.

"Hapo wajukuu zangu walikuwa hawajazaliwa," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi hapo hapakuwa na shida yoyote." Akacheka, na alikuwa mtu wa kucheka kwa nadra. Tukabadilisha betri, na shida nyingine ikasogea mbele kuchukua nafasi.

Mtu wa kujipinga mwenyewe kama Mwalimu sijamwona. Alihubiri uhuria asubuhi na jioni, kwamba elimu iliyofungiwa ni wizi, lakini flashi yake aliifungia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kufuli dogo, ufunguo shingoni. Tukimuuliza anasema, "Programu ni ya dunia. Flashi ni yangu." Alitukataza kubahatisha, akituambia hesabu si bahati nasibu, lakini mashine ikimgomea aliizima na kuiwasha, akaipigapiga ubavuni, akasogeza kiti upande mwingine wa meza kana kwamba shida ilikuwa kwenye kiti. Wateja aliwafukuza kwa ulimi wake. Kijana alikuja kuchapa barua ya kuomba kazi, imejaa makosa. Mwalimu akaisoma, akaiwekea alama nyekundu, akasema hachapi takataka mpaka irekebishwe. Kijana akaenda duka la pili. Kodi ya chumba haikungoja sarufi.

Na mtu huyo mkali alikuwa laini kwa watoto wale mpaka inakera. Walicheza chini ya meza yake, wakivuta nyaya. Wote walifanana, isipokuwa macho ya Doto yalikuwa na manjano siku nyingi. Mgeni akiingia na kuuliza, "Huyu ndiye yupi?" Mwalimu alikunja uso. "Muulize mwenyewe, ana mdomo." Alilisema hilo kwa watu, lakini nadhani alikuwa analisema kwa ile kompyuta ya zahanati. Katika yote niliyomsikia akisema, na alisema mengi, hilo ndilo ninalolirudia peke yangu.

Sasa nije kwenye lile lililomponza.

Tulimwambia, wanafunzi wake wote, kwamba kama kujenga kunashindikana basi awaandikie wenyewe awaeleze kosa, walirekebishe wao. Programu huria zina ukurasa wa mambo hayo. Unafungua hoja, unajibu maswali yaliyowekwa: unatumia toleo gani, ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini. Mwalimu aliyatazama maswali yale, akayafuta yote.

"Polisi wanauliza hivi," alisema. "Wewe ukija kwangu ukakuta mlangoni karatasi inasema eleza shida yako, utaingia?"

"Mwalimu, wenzetu ndivyo walivyo. Wanataka shida moja kwa moja."

"Kila mtu ana kwao, na kila kwao pana salamu."

Akaandika kwa Kiingereza chake cha ualimu, kizuri, chenye nukta zote. Naweka hapa kwa Kiswahili: Ndugu zangu, salaam. Natumaini hamjambo pamoja na familia zenu. Sisi huku Mwanza hatujambo, mvua imechelewa lakini pamba imeota. Nina jambo dogo la kuwaeleza kuhusu programu yenu nzuri. Naomba kujua kama mpo.

Hakuandika neno zaidi. Akakaa akingoja waitikie, kwa sababu mtu hatui mzigo wake uwanjani kabla hajakaribishwa. Nilimwambia hawatajibu. Tuligombana kwa hilo zaidi kuliko tulivyogombana kwa jambo lolote. Nilimwambia mtoto anaumwa na wewe unauliza habari za pamba. Alinijibu kwamba yeye hakuuliza habari za pamba, alitoa. Ukimwambia Mwalimu neno, analisahihisha.

Jibu likaja. Alinipigia simu asubuhi, sauti imejaa, akanisalimia mpaka mwisho kabla ya kuniambia. Nilikwenda nikasoma. Lilikuwa la roboti. Kurasa zile zina roboti inayopita kwenye hoja zilizokaa bila kuguswa na kuandika maneno yale yale: hoja hii imekaa kimya, kama hakuna atakayesema neno tutaifunga, asante kwa mchango wako. Nikamweleza Mwalimu kwamba huyo si mtu.

"Ni nani yao?" aliuliza.

"Ni programu, Mwalimu. Inafagia."

"Kumbe mlinzi," alisema. "Mlinzi naye husalimiwa. Ndiye anayekwenda kumwita mwenye nyumba."

Akaijibu. Asante kwa kunijibu, mimi bado nipo, nawasubiri ndugu. Na kwa kuwa neno lilikuwa limesemwa, roboti iliondoa tishio lake ikaenda zake. Baada ya ukimya mwingine ikarudi na maneno yale yale. Mwalimu akaijibu tena. Wakaendelea hivyo, yule mzee na ile roboti, msimu mmoja wa mvua hadi mwingine. Ikawa ndiyo barua pekee anayopokea kutoka kule. Mwishowe, kwa sababu roboti ilikuwa angalau inarudi, aliieleza yote: pacha, siko seli, vidonge, mstari mmoja anaoufikiria, hata ni faili gani na ni sehemu gani, maana kusoma maandishi ya Java alikuwa anaweza vizuri, kilichomshinda ni kuyawasha. Ilikuwa taarifa safi kuliko nyingi ninazoziona kazini leo. Roboti ikakaa kimya muda wake, ikarudi: hoja hii imekaa kimya.

Watu wengi huniuliza kwa nini hakukata tamaa. Alikata. Nilimwona akikata, tena zaidi ya mara moja, ameinamisha kichwa kwenye vibonye vyenye unga. Ila kesho yake alikuja, kwa sababu darasa lilikuwa lake na ufunguo alikuwa nao yeye.

Doto alikufa akiwa ameshaanza shule. Aliamka analia mgongo na miguu, mama yake akambeba hadi zahanati. Mapokezi palikuwa na mhudumu mgeni. Kompyuta ilimwonyesha kwamba mtoto huyu alihudumiwa jana, akapimwa, akaonekana mzima, akaruhusiwa. Jana yake aliyepelekwa alikuwa Kulwa, kwa ajili ya jicho. Mama akaambiwa akae kwenye benchi pamoja na wasio na haraka. Alipoonwa na daktari, wakakimbizwa hospitali kubwa, na hakurudi.

Sisemi kwamba programu ndiyo iliyomuua. Siko seli inaua hata penye mafaili masafi, na daktari alituambia hivyo msibani, akiwa na huruma kweli. Lakini sitasema kwamba sikuwaza, na Mwalimu aliwaza mpaka akanyamaza. Siku zile za matanga roboti ilipita na ufagio wake. Safari hii hakuna aliyeijibu, ikaifunga hoja.

Halafu likaja la pili, ambalo hata sasa nikilieleza watu hudhani natia chumvi. Hospitali ilituma taarifa ya kifo zahanati, dada wa mapokezi akaiingiza kama anavyotakiwa. Faili lilikuwa moja. Kwa hiyo kwenye kompyuta ya zahanati Kulwa naye amekufa. Akipelekwa na homa, jina lake linatoka na neno marehemu mbele yake, na kompyuta haikubali kumwandikia marehemu dawa. Wakimfungulia faili jipya, kesho yake limeshamezwa na la zamani. Siku hizi wanamtibu kwa kipande cha karatasi, na binti wa Mwalimu akiingia pale wahudumu wanatazamana nani amhudumie. Hawana ubaya. Wanaona aibu tu.

Mwalimu alifunga darasa, akahamia Kisesa na binti yake na Kulwa, ingawa kwa matibabu wanarudi zahanati ile ile. Mimi nilipata kazi mjini, ya kuandika programu, na huwa nasema wazi kwamba aliyenifundisha ni yeye.

Mwaka huu kazini walinipa laptopu mpya. Siku moja wakati wa chakula, bila kupanga, nikaichukua programu ile kutoka kwenye intaneti. Nikaweka Java ya zamani inayotakiwa. Nikaamuru ijenge. Ukoo wote ukaingia wenyewe, kimyakimya, kama wageni waliolipiwa nauli, na mwishoni yakaja maandishi ya kijani kusema imejengeka. Wenzangu walikuwa hawajamaliza kula. Nilikasirika mpaka nikatoka nje kusimama. Kumbe hakuwa amekosa akili, wala bidii, wala maarifa. Alikosa waya na mashine, basi. Nilirudi ndani nikauandika ule mstari mmoja, pale pale aliposema.

Jumamosi nikaenda Kisesa. Nilimkuta amekaa sebuleni, amepungua, koti limekuwa kubwa. Shikamoo, marahaba, mama hajambo, wadogo hawajambo, mvua, ng'ombe. Nikamjibu ng'ombe hawajambo. Nikaifungua laptopu mapajani mwake.

"Imejengeka?" aliuliza.

"Imejengeka, Mwalimu."

Aligusa kioo kwa kidole, penye kijani, akakifuta kwa pindo la shati kama zamani. Akaniambia niwaandikishe. Nikaandika Kulwa, nikaandika Doto, tarehe ile ile, mama yule yule, simu ile ile. Nikaiwasha ile sehemu inayofagia. Ikapita. Ikaacha mistari miwili, wa juu Kulwa, wa chini Doto, kila mmoja na faili lake.

Alikaa akiitazama. "Basi tuwapelekee," alisema.

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa tangu stendi. Nikamwambia kwamba wenye programu wameacha kuishughulikia. Wameifunga. Ukurasa upo lakini ni wa kusoma tu, hakuna anayeweza kuongeza neno. Nilikwenda pia zahanati: wao wanapokea toleo kutoka makao makuu, na makao makuu wanapokea kutoka kwa wenye programu. Kutoka kwetu hakuna anayepokea.

"Ile barua yangu?"

"Ipo pale pale."

"Na mtu akitaka kuiitikia sasa?"

"Hawezi, Mwalimu."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Hatukuwa tumeshindwa na hesabu hata siku moja, na bado tulikuwa tumeshindwa.

Kulwa akaingia kutoka kisimani, amekua, anakaribia kunifikia bega. Aliweka ndoo, akapiga goti kidogo, akaniamkia. "Shikamoo, dada."

Nilimtazama yeye, nikatazama ile mistari miwili kwenye kioo.

"Mwitikie mtoto," Mwalimu alisema, kwa ukali wake ule wa darasani.

"Marahaba, Kulwa. Hujambo?"

"Sijambo." Akaja nyuma ya kiti cha babu yake, akainama kutazama kioo. Alisoma jina lake kwa sauti ndogo, kidole hewani. Akashuka mstari wa pili, akasoma, kisha akamgeukia babu yake.

"Babu, Doto humu yupo?"

Mwalimu alimshika mkono ule uliokuwa bado una maji.

"Humu yupo," alisema.

Mtoto akavuta kigoda akakaa karibu na magoti yake, uso kwenye mistari ile miwili. Laptopu ikalia kuonya kwamba chaji inakwisha, na pale siku ile umeme haukuwapo. Nikanyoosha mkono niizime nisije nikapoteza kazi. Mwalimu akaniomba nisiizime kwanza.